Kompyuta Inapoisubiri Seva: Kusimamia NFS Upande wa Mteja Hapa Mtwara

Katika ofisi nyingi za ukanda huu, kuanzia Mtwara mjini hadi Masasi, seva ya faili hupewa heshima yake: chumba chenye kiyoyozi, UPS, na mlango ambao ufunguo wake hukaa kwa mtu mmoja. Kompyuta za makarani, ambazo ndizo zinazotumia faili hizo kutwa nzima, hupewa mstari mmoja ndani ya `/etc/fstab` (faili inayoiambia mashine ni saraka zipi iziunganishe, yaani izipachike), ulionakiliwa kutoka mashine ya jirani, na baada ya hapo hakuna anayeutazama tena. Ninaandika kwa sababu ya mstari huo. Kwa maoni yangu NFS, yaani itifaki (utaratibu wa mawasiliano) inayoziwezesha kompyuta kutumia faili za seva kupitia mtandao, hufaulu au hushindwa upande wa mteja, ndiyo kompyuta inayozitumia, kwa kuwa karani haioni seva. Anachokiona ni folda yake, na jinsi folda hiyo inavyotenda seva inaponyamaza ndiyo huduma yote anayoijua.

Mfano nitakaoutumia ni wa ofisi inayoshughulika na korosho, kwa sababu ndiyo kazi inayoujaza mkoa wetu kuanzia Oktoba. Karani wa mzani huingiza uzito na daraja, mwenzake hutayarisha stakabadhi, mhasibu huandaa orodha ya malipo ya wakulima, na wote watatu hufungua faili zilizo katika saraka moja. Mfumo wa stakabadhi ghalani umetumika katika korosho tangu msimu wa 2007/2008, na unadai kwamba namba iliyoandikwa kwenye mzani iwe ndiyo namba itakayofika benki. Mashine zenyewe mara nyingi ni laptopu zilizokwisha kutumika, zikiendesha Debian au Ubuntu, ambazo ni mifumo ya Linux, na seva ni kompyuta ya kawaida yenye diski mbili zinazobeba data ileile. Kwa mpangilio huo NFS inatosha kabisa.

Itifaki hii ilitoka kampuni ya Sun Microsystems mnamo 1984, na toleo lake la 3, lililochapishwa mwaka 1995, bado linaendesha ofisi nyingi. Hata hivyo, kwa mashine mpya ninashauri toleo la 4, tena 4.2 ikiwa seva inaliweza. Toleo la 3 linahitaji huduma kadhaa za pembeni, yaani rpcbind kwenye poti 111, mountd, na huduma za kufunga faili, na kila moja ni mlango wa kufunguliwa kwenye ngome ya mtandao (firewall). Toleo la 4 linapita kwenye poti 2049 peke yake, na ufungaji wa faili umo ndani ya itifaki yenyewe. Msimamizi aliye peke yake, mwenye ofisi tatu za kuhudumia na barabara ndefu kati yake, anastahili kupunguziwa vitu vya kufuatilia.

Kuna sababu nyingine ya kuweka faili ndani ya jengo. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ilidorora Tanzania na nchi jirani, na waliokuwa na kila kitu chao kwenye huduma za mbali walibaki wakisubiri. Seva iliyo chumba cha pili haihitaji waya wa baharini. Lakini hapa upande wa mteja unaweza kuiharibu faida hiyo bila mtu kujua: ikiwa `/etc/fstab` inaitaja seva kwa jina, na jina hilo linatafsiriwa na DNS iliyo nje ya ofisi, basi intaneti ikikatika mteja hataiona seva iliyo mita chache kutoka alipo. Kwa hiyo jina la seva na anwani yake viandikwe ndani ya `/etc/hosts` ya kila mashine. Ni kazi ya dakika moja, na sijui ofisi ndogo isiyoihitaji.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mteja wa NFS huulizwa swali moja kubwa: seva isipojibu, ufanye nini? Jibu la `hard`, ambalo kwenye Linux ndilo la kawaida usipoandika chochote, ni kwamba asubiri na kuendelea kuuliza bila kikomo. Jibu la `soft` ni kwamba ajaribu tena kwa idadi iliyowekwa na `retrans`, kisha airudishie programu kosa. Watu wengi huchagua `soft` kwa nia njema, kwa sababu wamechoshwa na simu za asubuhi: "Fundi, mashine imeganda." Umeme umekatika, seva imezimika kwa kuwa UPS imekwisha nguvu, laptopu za makarani bado zina betri, na kila anayegusa folda ya pamoja anaona dirisha lisilojibu. Kwa `soft` dirisha lingejibu baada ya muda, na simu isingepigwa.

Lakini tazama kinachotokea kwa data. Programu inapoandika kwenye faili ya NFS, kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, huipokea kwanza kwenye kumbukumbu ya mashine ya karani na kuipeleka kwenye seva baadaye. Ikiwa seva imenyamaza na muda wa `soft` umekwisha, kosa litajitokeza wakati programu inapofunga faili au inapoomba kwa nguvu iandikwe diskini, na programu nyingi hazisomi jibu la hatua ya kufunga. Karani ataambiwa kazi imehifadhiwa. Kwenye seva kutakuwa na faili yenye nusu ya mistari, au yenye tundu katikati, na hakuna atakayejua hadi siku mkulima atakapokuja kuuliza malipo yake. Karani wa mzani mwenye dhamana, mzani ukisita, husimamisha kazi mpaka utulie. Hakadirii kilo kwa macho ili foleni isogee. `hard` hufanya vivyo hivyo, na ndiyo maana kwenye saraka yoyote inayoandikwa sikubali chaguo jingine. Dirisha lililoganda linaudhi, lakini seva ikirudi kazi inaendelea pale ilipokuwa, na kwenye logi utaona mistari miwili iliyo wazi: kwanza kwamba seva haijibu na mteja anaendelea kujaribu, kisha kwamba seva iko sawa.

Nafasi ya `soft` ipo, nayo ni saraka ya kusomwa tu: fomu tupu, miongozo, programu za kusakinisha. Hapo hakuna kinachoweza kupotea.

Yanayoambatana na swali hilo ni machaguo ya muda, na hapa kunakili kumeleta madhara mengi. Mara kwa mara nimekuta mistari yenye `rsize=8192,wsize=8192,timeo=14,intr`. Kila sehemu ya mstari huo ni masalia ya zama nyingine. Baiti 8,192 zilikuwa kiwango cha juu cha kusoma (`rsize`) au kuandika (`wsize`) katika toleo la 2 la itifaki, na leo mteja na seva hupatana wenyewe hadi baiti 1,048,576 kwa ombi moja, kwa hiyo kuandika 8192 ni kujifunga miguu. Thamani ya `timeo`, muda wa kungoja jibu kabla ya kuuliza tena, hupimwa kwa sehemu za kumi za sekunde, hivyo 14 ni sekunde moja na nusu kasoro kidogo, muda uliofaa siku za UDP, njia ya kutuma pakiti isiyohakikisha kwamba zimefika. Kwa TCP thamani ya kawaida ni 600, yaani sekunde 60, kwa sababu TCP yenyewe hushughulikia pakiti zilizopotea na haipaswi kuharakishwa. Na `intr`, iliyomruhusu mtumiaji kukatisha ombi lililokwama, haifanyi kitu tena tangu kerneli 2.6.25, siku hizi programu iliyokwama kwenye NFS huuawa kwa ishara ya SIGKILL pekee. Mstari ninaouweka mimi ni mfupi kuliko huo:

`seva:/data/msimu  /mnt/msimu  nfs  vers=4.2,hard,_netdev,x-systemd.automount  0  0`

Maneno `_netdev`, linalosema kwamba saraka inahitaji mtandao, na `x-systemd.automount` yanahusu asubuhi baada ya umeme kurudi, ambayo kwa NFS ni wakati mgumu kuliko hata kukatika kwenyewe. Umeme ukirudi, mashine zote huwaka pamoja. Laptopu yenye SSD huwa tayari haraka, ilhali seva inakagua diski zake na inachelewa. Mteja anayejaribu kupachika saraka wakati anapowaka atakuta seva haipo, atashindwa, na ataendelea kuwaka kama kawaida. Folda `/mnt/msimu` itakuwepo, lakini itakuwa tupu, kwa sababu ni saraka ya kawaida kwenye diski ya mashine yenyewe. Ikiwa ruhusa zake ni legevu, karani ataanza kuandika humo, akiamini yuko kwenye seva. Kazi ya asubuhi nzima itakaa kwenye laptopu moja, na siku saraka ya kweli itakapopachikwa juu yake, faili hizo zitafunikwa zisionekane kabisa. Hazijapotea, lakini ni msimamizi tu anayejua kwamba aondoe mpachiko na atazame chini yake.

Dawa ni mbili na ninazitumia zote. Ya kwanza ni `x-systemd.automount`, ambayo hungoja hadi mtu aiguse folda ndipo ipachikwe. Seva isipokuwepo, mtumiaji hupata kosa badala ya folda tupu, na akigusa tena baadaye jaribio jipya hufanyika. Ya pili ni kuilinda saraka ya chini: mpachiko ukiwa umeondolewa, saraka iwe mali ya root, yaani akaunti ya msimamizi mkuu wa mashine, kisha ipewe `chattr +i`, ili pasiwe na anayeweza kuandika humo hata akikosea. Alama hiyo haizuii kupachika juu yake. Kwenye mifumo isiyo na systemd, programu inayoanzisha huduma za Linux, autofs hufanya kazi ileile ya kupachika kwa kuguswa, na kwenye FreeBSD usisahau `nfs_client_enable="YES"` ndani ya `/etc/rc.conf`.

Suala la utambulisho wa watu ndilo linalonipa wasiwasi kuliko mengine, kwa kuwa halitoi kelele. Kwa usalama wa kawaida wa NFS, yaani `sec=sys`, seva haimtambui mtu kwa jina wala nywila; inapokea namba ya mtumiaji ambayo mashine ya mteja imeitaja, na inaiamini. Sasa kwenye Debian na Ubuntu mtumiaji wa kwanza kutengenezwa hupewa namba 1000. Ofisi yenye laptopu tano, kila moja ikiwa na mwenyewe, ina watu watano wenye namba 1000, na mbele ya seva hao ni mtu mmoja. Karani wa mzani anaweza kufuta orodha ya mhasibu, na rekodi itaonyesha kwamba mhasibu ndiye aliyeifuta. Katika kazi ya fedha za wakulima hilo halivumiliki. Kwa hiyo kila mtu apewe namba yake moja, ileile kwenye kila mashine na kwenye seva, akaunti itengenezwe kwa `useradd -u`, na daftari la namba litunzwe kwa uangalifu uleule wa daftari la stakabadhi. Akaunti za zamani zinaweza kubadilishwa kwa `usermod -u`, lakini amri hiyo hurekebisha faili za nyumbani kwa mtumiaji tu. Zile zilizoko kwingine, pamoja na zilizo kwenye seva, zinabidi zitafutwe na kukabidhiwa kwa mwenyewe kwa mkono.

Ukikuta faili zote zinaonekana ni mali ya `nobody` kwenye toleo la 4, angalia kwanza mstari wa Domain ndani ya `/etc/idmapd.conf`; mteja na seva lazima viandike jina lile lile. Ukikuta root wa laptopu hawezi kuandika kwenye saraka, hiyo si hitilafu. Ni seva inayomshusha root kuwa mtu wa kawaida, na iachwe ifanye hivyo.

Hata baada ya namba kupangwa, mwenye root kwenye laptopu yake anaweza kujitengenezea namba ya mtu yeyote. Kwa hiyo pale ambapo laptopu ni mali binafsi za wafanyakazi, `sec=sys` haitoshi, na Kerberos, mfumo wa kuthibitisha watumiaji mtandaoni, kwa chaguo la `krb5p`, ambalo huthibitisha mtu na kuficha data njiani, linastahili kazi yake yote ya ziada. Kerberos hudai saa za mashine zilingane, na laptopu kuukuu yenye betri ya saa iliyokufa itakataliwa hadi saa irekebishwe, kwa hiyo weka chrony, programu ya kulinganisha saa, kabla ya kitu kingine. Njia mpya zaidi, iliyochapishwa mwaka 2022 kama RFC 9289, hufunika mawasiliano yote kwa TLS, usimbaji uleule wa tovuti salama. Huficha data njiani na huweza kuthibitisha mashine, lakini namba za watumiaji hubaki kuaminiwa kama zilivyotajwa.

Kuhusu kache, yaani kumbukumbu ya muda ya mteja, malalamiko ya kawaida ni haya: "Nimeihifadhi, mbona mwenzangu haioni?" Mteja wa Linux hukumbuka sifa za faili kwa sekunde 3 hadi 60, na za saraka kwa sekunde 30 hadi 60, ili asiisumbue seva kwa kila jambo dogo. Ahadi ya NFS ni kwamba atakayefungua faili baada ya mwingine kuifunga ataona kilichoandikwa. Haiahidi kwamba waliofungua kwa pamoja wataonana papo hapo. Wapo wanaokimbilia `noac`, chaguo linalozima kumbukumbu hiyo ya sifa, na mtandao mzima unakuwa mzito kwa ajili ya faida ya sekunde chache. Mimi huwaambia makarani wafunge faili wanapomaliza, na hiyo hutosha. LibreOffice nayo huacha faili ya kufuli ndogo inayoanza na `.~lock`, inayomwonya wa pili kwamba wa kwanza bado yumo. Umeme ukikatika kufuli hilo linaweza kubaki peke yake, na liondolewe baada ya kuthibitisha na mwenye jina lililoandikwa humo. Hifadhidata ya SQLite isiwekwe kabisa kwenye saraka ya NFS inayoandikwa na mashine nyingi. Ufungaji wake wa faili hautegemeki huko, na waliotengeneza SQLite wenyewe wanaonya hivyo.

Tatizo likitokea, usianze na `df`. Amri hiyo huuliza kila mfumo wa faili nafasi iliyobaki, na ikimfikia seva aliyenyamaza itaganda pamoja na dirisha lako. Anza na `cat /proc/mounts`, inayosoma alichonacho kerneli bila kumgusa seva, kisha `nfsstat -m`, itakayokuonyesha machaguo yanayotumika kweli, ambayo mara nyingi si yale uliyoyaandika. Programu zilizokwama huonekana kwenye `ps` kwa herufi D. Ikiwa kila kitu kinafanya kazi lakini polepole, tazama waya kabla ya kulaumu NFS. Hapa pwani, hasa majengo ya Shangani na Mikindani yaliyo karibu na maji, hewa ya chumvi hula vichwa vya kebo na matundu ya swichi, na jozi moja ya nyaya ikifa kiungo cha gigabiti hushuka kimyakimya hadi megabiti 100. Amri `ethtool` itakuonyesha kasi iliyokubaliwa. Kwa megabiti 100 hutapata zaidi ya megabaiti 12 kwa sekunde hata ufanye nini na `rsize`, na dawa ni kichwa kipya cha kebo.

Kuondoa mpachiko kwa nguvu kuna ngazi zake. `umount -f` huyakatisha maombi yanayosubiri, na yaliyokuwa hayajaandikwa hupotea. `umount -l` huificha saraka tu, huku programu zilizokwama zikibaki zimeshikilia kilekile. Si suluhisho, na anayeitumia ili kupata skrini safi anajiachia deni hadi mashine itakapowashwa upya. Ikiwa seva itarudi leo, ni afadhali kusubiri.

Kesi ya mwisho ni kubadilisha diski au seva yenyewe, jambo ambalo ofisi nyingi hulifanya kati ya misimu. Mteja haikumbuki faili kwa jina. Anashika kitambulisho alichopewa na seva, na seva mpya haikijui kitambulisho hicho hata kama majina na yaliyomo ni yaleyale. Matokeo yake ni kosa la `Stale file handle` kwenye kila mashine, na wengi hudhani data imeharibika. Haijaharibika. Utaratibu ni kuondoa mipachiko kwenye wateja wote kabla ya kuizima seva ya zamani, kuhamisha data pamoja na namba za wenye faili, kuipa seva mpya anwani ileile, kisha kupachika upya. Pale utakapokuta mashine iliyosahaulika, iondolee mpachiko na uurudishe, au iwashe upya. Halafu, kutoka kwenye kila laptopu na kwa akaunti ya mwenyewe, si ya root, fungua faili moja ya msimu uliopita, andika mstari, hifadhi, uufute, hifadhi tena, na tazama kwenye seva kama jina la mwenye faili na saa ya mabadiliko ni vya kweli. Mashine ikivuka jaribio hilo, karani wake anaweza kuanza kuingiza uzito.